Siavash Alamouti

Siavash Alamouti ni mhandisi wa mawasiliano yasiyotumia waya, mwenye asili ya Iran. Anajulikana hasa kwa makala moja ya kisayansi aliyoichapisha mwaka 1998, ambayo kwa hesabu ya Google Scholar imenukuliwa na watafiti wengine zaidi ya mara 10,000. Orodha ya machapisho yake ni fupi ikilinganishwa na ya maprofesa wengi wa fani hiyo. Kwa sababu hiyo, kazi yake ni mfano mzuri wa tofauti iliyopo kati ya wingi wa machapisho ya mtafiti na athari yake.

Elimu na kazi

Alamouti alisoma uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha British Columbia mjini Vancouver, Kanada, akapata shahada ya kwanza mwaka 1989 na shahada ya uzamili mwaka 1991. Sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya katika kampuni, si katika vyuo vikuu. Miongoni mwa kampuni hizo ni AT&T Wireless, Intel na Vodafone.

Makala ya 1998

Makala yake, "A Simple Transmit Diversity Technique for Wireless Communications", ilitolewa Oktoba 1998 katika jarida la IEEE Journal on Selected Areas in Communications. Ina kurasa 8 tu na mwandishi mmoja.

Tatizo lililoshughulikiwa ni kufifia kwa mawimbi. Mawimbi ya redio yanapotoka mnarani hugonga majengo, milima na magari, kisha humfikia mpokeaji kwa njia nyingi. Mahali pengine mawimbi hayo hufutana, na simu hupoteza mawasiliano ingawa mnara uko karibu. Dawa iliyokuwa ikijulikana ni kuweka antena mbili kwenye kipokezi: moja ikikosa mawimbi, huenda nyingine ikayapata. Lakini simu ya mkononi ni ndogo, na kila antena huongeza gharama na matumizi ya betri.

Alamouti alionyesha kwamba antena hizo mbili zinaweza kuwekwa mnarani badala ya kwenye simu. Alama mbili za data hutumwa kwa pamoja, kila moja kwa antena yake. Katika kipindi kinachofuata alama zilezile hurudiwa, lakini zikiwa zimebadilishana antena na kugeuzwa kidogo kihesabu. Kutokana na mpangilio huo, kipokezi chenye antena moja huweza kuzitenganisha kwa hesabu nyepesi. Mbinu hii haihitaji masafa ya ziada, wala simu haihitaji kuutumia mnara taarifa za hali ya mawimbi. Gharama yake ni kwamba nguvu ya kutuma hugawanywa kati ya antena mbili.

Athari

Mwaka 1999 Vahid Tarokh, Hamid Jafarkhani na Robert Calderbank walichapisha nadharia ya jumla iliyopanua wazo hilo kwa antena zaidi ya mbili. Tangu hapo mbinu ya Alamouti imekuwa kipimo ambacho watafiti hulinganisha nacho mbinu mpya, jambo linaloeleza kwa sehemu wingi wa manukuu yake. Iliingizwa pia katika viwango vya simu za 3G na katika Wi-Fi ya aina ya 802.11n, na namna yake nyingine hutumika katika LTE. Matumizi hayo ndani ya vifaa hayahesabiwi kama manukuu.

Upimaji wa machapisho

Kipimo kinachotumika sana kwa watafiti ni kipimo cha h, kilichopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Mtafiti ana h ya 10 ikiwa makala zake 10 zimenukuliwa angalau mara 10 kila moja. Kwa hiyo h haiwezi kuzidi idadi ya makala alizoandika. Mtu mwenye makala moja tu iliyonukuliwa mara 10,000 ana h ya 1, ilhali mwenye makala 20 zilizonukuliwa mara 20 kila moja ana h ya 20, ingawa jumla ya manukuu yake ni 400 tu.

Jumla ya manukuu nayo ina kasoro. Fani yenye watafiti wengi huzalisha manukuu mengi, na makala ya zamani imepata muda mrefu zaidi wa kunukuliwa. Vilevile nukuu huhesabiwa hata kama mwandishi anaikosoa kazi anayoitaja. Hivyo takwimu hizi husaidia kuonyesha kazi iliyosomwa sana, lakini hazitoshi kuamua ubora wa mtafiti pasipo kuisoma kazi yenyewe.

Tuzo

Makala ya 1998 iliingizwa katika kitabu cha makala bora za miaka 50 kilichotolewa na Chama cha Mawasiliano cha IEEE mwaka 2007. Mwaka 2022 Alamouti alipewa Tuzo ya Marconi.