Kwa Nini Kufuta Rekodi za Zamani Hakuipunguzii Diski Mzigo

LONGISA – Mgonjwa akifika kwenye dirisha la usajili, jina lake hutafutwa kwenye kompyuta kabla hajamwona daktari. Diski ya seva, yaani kompyuta kuu inayotunza rekodi, ikijaa, taarifa mpya hazihifadhiki na foleni inakwama. Hali hiyo yaweza kukikumba kituo chochote kinachotumia kompyuta, kuanzia zahanati ya kijijini hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyoko hapa Longisa.

Wengi hudhani dawa yake ni kufuta rekodi za zamani. Wanapofuta, hushangaa kuona diski ingali imejaa.

Vituo vingi vya afya vya umma nchini hutumia KenyaEMR, mfumo uliojengwa juu ya OpenMRS, programu iliyoanzishwa mwaka 2004. Rekodi zake hukaa katika hifadhidata ya MySQL. Hifadhidata hiyo ni kama ghala la mahindi. Ukitoa magunia 20, ghala haliwi dogo. Utapata pa kuweka mahindi mengine, lakini uwanja uliojengewa ghala haurudi.

Iwapo uwanja utarudi au la, hutegemea mpangilio mmoja uitwao innodb_file_per_table. Ukiwa umezimwa, majedwali yote hukaa katika faili moja, ibdata1, ambayo hukua tu, haipungui. Ukiwa umewashwa, kila jedwali huwa na faili yake. Hapo fundi hutumia amri ya OPTIMIZE TABLE, jedwali likaundwa upya bila mapengo, na nafasi ikarudi kwenye diski.

Tangu toleo la 5.6 la mwaka 2013, MySQL huja mpangilio huo ukiwa umewashwa. Hata hivyo, kuuwasha hakuhamishi majedwali yaliyokuwa tayari ndani ya ibdata1. Ili kuipunguza faili hiyo, data yote hunakiliwa nje, hifadhidata ikajengwa upya, kisha data ikarejeshwa.

Wanaosimamia kompyuta za zahanati, shule na vyama vya ushirika wanashauriwa:

• Wasiifute kamwe faili ya ibdata1 kwa mkono. Kufanya hivyo kunaweza kupoteza rekodi zote.

• Watengeneze nakala ya akiba na kuijaribu kabla ya kazi yoyote.

• Wasingoje diski ijae. Kuunda jedwali upya huhitaji nafasi ya ziada inayokaribia ukubwa wa jedwali lenyewe.

• Kazi hiyo ifanywe wakati ambapo wateja ni wachache.

Aidha, rekodi ya mgonjwa isifutwe kwa sababu ya nafasi pekee. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na historia ya matibabu ya miaka iliyopita ndiyo huenda daktari akaihitaji kesho. Diski kubwa zaidi hununuliwa. Rekodi iliyopotea hainunuliki.