Yoga ya Kale na Nafasi ya Afya

Yoga inayofundishwa leo katika kumbi za mazoezi ni sehemu ndogo ya falsafa iliyozuka India ya kale na kupangwa na Patanjali, miaka isiyopungua 1,500 iliyopita, katika kitabu kiitwacho Yoga Sutra. Kati ya semi fupi zipatazo 195 za kitabu hicho, ni tatu tu zinazofafanua asana, yaani mikao ya mwili, nazo hazitaji mkao hata mmoja kwa jina, jambo ambalo wauza mikeka ya yoga hawana sababu ya kulitangaza.

Shabaha ya Patanjali ni kuituliza akili hata mtu aitambue nafsi yake halisi. Anapotaja vizuizi tisa vinavyoivuruga akili hiyo, anaanza na maradhi. Kwa hiyo afya inatakiwa kwa sababu mgonjwa hutafakari kwa shida, wala si kwa sababu mwili wenye nguvu ndio kilele cha maisha.

Njia anayoionyesha ina hatua nane, na ya kwanza, iitwayo yama, inahusu jinsi mtu anavyoishi na wenzake: asidhuru kiumbe, aseme kweli, asiibe, azuie matamanio ya mwili na asijilimbikizie mali. Hufuata niyama, ambayo ni nidhamu ya mtu binafsi, ikiwemo usafi na kuridhika, na ndipo huja asana na pranayama, yaani kuitawala pumzi, kabla ya hatua nne za mwisho zinazoielekeza akili ndani hadi kwenye utulivu kamili. Mpangilio huu una hoja nzito, kwani mwenye chuki au tamaa hawezi kutulia hata akiwa na viungo vyepesi namna gani.

Mikao ilipata umaarufu baadaye, hasa kupitia Krishnamacharya, aliyefundisha katika kasri la Mysore, India, miaka ya 1930, na mwanafunzi wake B. K. S. Iyengar. Tiba ya kisasa nayo imeitambua yoga kwa kiasi: mwaka 2017 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliitaja yoga miongoni mwa njia za kupunguza maumivu sugu ya mgongo. Hata hivyo, yoga haichukui nafasi ya dawa, na mwenye shinikizo la damu, mjamzito au mwenye tatizo la uti wa mgongo anapaswa kumwona daktari kabla ya kuanza.