Usagara: kiwanja rahisi, nauli ghali

Mpangaji wa Mwanza hahesabu kodi kwa mwezi. Chumba hutajwa kwa bei ya mwezi, lakini mwenye nyumba wa Mabatini, Nyakato au Mkolani anataka miezi sita mkononi, na wengine wanataka mwaka mzima. Dalali naye ana mwezi wake mmoja pembeni, ukiacha ile hela ndogo aliyokwisha kuchukua ya kukuzungusha kwenye vyumba vitatu, viwili vikiwa tayari vina watu. Fundi cherehani, mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni na kijana wa bodaboda wote wanaishi kwa hela ya kutwa. Kuwadai wajikusanyie hela ya nusu mwaka kwa mkupuo ni kuwasukuma kwenye mikopo ya kausha damu, na wengi ndiko wanakoishia. Kodi inalipwa kwa mkopo, mkopo unalipwa kwa jasho, na kabla haujaisha mama mwenye nyumba anagonga mlango kukumbusha kwamba miezi sita imekatika.

Hapo ndipo jina la Usagara linapotajwa.

Usagara hii haihusiani na ile ya Kilosa tuliyosoma shuleni pamoja na mikataba ya Carl Peters. Ni kata ya Wilaya ya Misungwi, kilomita 20 na ushee kusini mwa Jiji la Mwanza, mahali ambapo barabara ya Shinyanga inaachana na ile ya Sengerema na Geita. Kwa miaka mingi ilikuwa njia panda tu. Ulishuka, ukanunua mahindi ya kuchoma, ukapanda gari la Kigongo kwenda kusubiri kivuko. Siku hizi wanaoshuka wana mifuko ya saruji.

Ukitaka kujua kwa nini, tazama Mwanza yenyewe. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa una watu 2,772,509. Ya 2022 ikakuta 3,699,872. Ni ongezeko la zaidi ya watu laki tisa ndani ya miaka kumi, na sehemu kubwa yao wanategemea jiji moja lililobanwa kati ya ziwa na miamba. Wenye nacho waliwahi Isamilo na Capri Point. Wasio nacho wakapanda juu: Bugarika, Igogo, Mabatini, Kitangiri. Nyumba za huko zimeegemea mawe makubwa kuliko zenyewe, ndoo ya maji inapanda kichwani, na shimo la choo halichimbiki kwa sababu chini ni mwamba mtupu. Mvua ikinyesha, kila kilichokuwa juu kinashuka hadi Mto Mirongo na kuingia ziwani.

Baadaye watu wakaifuata ardhi tambarare. Nyakato ikajaa, ikafuata Igoma, kisha Buswelu, Kiseke na Buhongwa. Nawakumbuka watu waliokuwa wakiicheka Buhongwa kwamba ni porini. Leo kiwanja cha Buhongwa kando ya lami hakizungumziki kwa mtu wa kipato cha chini. Ndiyo maana wimbi limeruka mpaka wa jiji: upande wa mashariki limefika Kisesa, ambayo ni Magu, na kusini limefika Usagara, ambayo ni Misungwi. Huko kusini bado unaweza kumkuta mkulima anayeuza kipande cha shamba kwa hatua za miguu, na bei inayomfanya mpangaji wa mjini aone kwamba kodi yake ya mwaka mmoja au miwili ingetosha kumpa ardhi yake mwenyewe.

Hesabu hiyo ndiyo inayowahamisha watu. Siwalaumu, maana njia nyingine hazipo. Shirika la Nyumba la Taifa lipo tangu 1962, na mifuko ya hifadhi ya jamii nayo ilijaribu. Kiseke wanapaita PPF mpaka leo kwa sababu ya nyumba za mfuko huo. Lakini upungufu wa nyumba unaotajwa na serikali ni takriban milioni tatu nchi nzima, na mahitaji yanaongezeka kwa nyumba laki mbili kila mwaka. Mkopo wa nyumba wa benki una riba ya kati ya asilimia 13 na 19, unadai hati na unadai mshahara unaopita benki. Waliokopa kwa njia hiyo nchi nzima ni maelfu machache tu. Kwa Mtanzania wa kawaida, benki ya nyumba ni kiroba cha saruji anachonunua mwisho wa juma.

Nyumba ya Usagara basi inajengwa hivi. Kwanza inashushwa tripu moja ya mawe, inakaa miezi. Kikoba kikivunjwa, msingi unachimbwa. Nondo zinalala chini ya kitanda kule mjini kwa kuogopa wezi. Kuta zinapanda hadi kwenye linta, halafu ada za shule zinaingia kati na kuta zinasimama, majani yanaota ndani ya sebule, na wapita njia wanaiita pagale. Siku moja mwenye nyumba wa mjini anapandisha kodi. Hapo anaitwa fundi haraka, chumba kimoja na kibaraza vinaezekwa kwa bati la geji 30, madirisha yanazibwa kwa viroba vilivyokatwa, shimo la choo linazungushiwa mabati chakavu, na familia inapakia vyombo kwenye guta au kirikuu. Hakuna plasta, hakuna umeme, sakafu ni vumbi. Lakini ukimuuliza mama wa familia hiyo anaishi wapi, atakujibu akiwa amenyoosha mgongo: nimehamia kwangu.

Neno hilo lina uzito, na ndiyo sababu watu hawasikilizi wakiambiwa wasubiri. Kuna mambo mawili, hata hivyo, ambayo dalali hatayasema.

La kwanza ni udongo. Wasukuma wameijua ardhi yao kabla ya mhandisi yeyote: kuna luseni, mchanga wa juu kwenye miinuko, na kuna mbuga, ule udongo mweusi wa mabondeni wanakolima mpunga. Luseni unabeba nyumba. Mbuga hunywa maji masika ukavimba, kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mguu, na ukuta ulioko juu yake unapasuka nao. Viwanja vingi vya bei ya kutupa ni majaruba yaliyofukiwa. Mgeni anakuja kukagua mwezi wa nane, anaona uwanja safi, mkavu, umenyooka, anafurahi. Mwenyeji anajua kwamba mwezi wa pili hapo palikuwa na vyura.

La pili ni karatasi. Mkataba wenyewe huandikwa kwa peni kwenye karatasi ya kaunta buku: muuzaji fulani kamuuzia mnunuzi fulani kipande cha ardhi chenye hatua kadhaa, kaskazini kimepakana na fulani, kusini na njia ya ng'ombe. Mashahidi wawili upande huu, wawili upande ule, vidole gumba vya wino, sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji na muhuri wake, kisha hela ya ofisi isiyokuwa na risiti. Mnunuzi anaikunja karatasi hiyo, anaitia kwenye plastiki, anaiweka na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, ardhi ya kijiji ipo chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mtu wa nje hapewi haki juu yake kwa muhuri wa mwenyekiti mmoja. Lazima halmashauri ya kijiji ikae na kuridhia. Wanaoibukiwa baadaye na mwana wa marehemu muuzaji anayedai shamba la ukoo liliuzwa bila yeye kujua ni wengi mno kwenye mabaraza ya ardhi, na karatasi ya kaunta buku huko haina nguvu waliyoitarajia.

Tunapomzungumzia mnunuzi tunamsahau muuzaji. Yule mkulima aliyekata shamba lake vipande naye anaishi katika ughali huu huu wa maisha. Ameuza kwa sababu ya mgonjwa, ya ada au ya pikipiki ya kijana. Hela ikiisha, hana shamba. Atanunua mchele dukani, tena pengine kwa mnunuzi wake aliyefungua genge mbele ya ile nyumba. Wanaosema Usagara ni rahisi wangemuuliza yeye pia.

Sasa nauli. Mwezi Desemba 2023 mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, ilitangaza nauli mpya za daladala baada ya petroli kupita shilingi 3,200 kwa lita, na njia fupi kuliko zote, isiyozidi kilomita kumi, ikafika shilingi 600. Wa Usagara yuko mbali zaidi ya mara mbili ya hapo, na wengi wanapanda magari mawili, au wanamalizia na bodaboda kutoka lami hadi nyumbani. Tuchukue mfano, na wewe weka namba zako: daladala 1,500 kwenda na 1,500 kurudi, bodaboda 1,000 asubuhi na 1,000 jioni. Ni shilingi 5,000 kwa siku. Ukifanya kazi siku 26, umemaliza 130,000 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara wa serikali kilipandishwa hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Hata huyo anayelipwa na serikali, zaidi ya robo ya mshahara wake imeishia barabarani. Na nimehesabu mtu mmoja tu. Mke ana biashara Makoroboi, mtoto anasoma mjini kwa sababu hamkutaka kumhamisha shule, wote wanasubiri gari lile lile.

Saa nazo zinahesabiwa. Anayefungua kibanda Kirumba saa moja asubuhi anaamka saa kumi, na akikwama kwenye foleni ya Mkuyuni wateja wake wamekwisha kununua kwa jirani. Jioni anafika watoto wamelala. Wakazi wa Chanika na Kivule wanaofanya kazi Kariakoo wanayafahamu haya, kama wanavyoyafahamu wa Kitengela wanaoingia Nairobi kila asubuhi. Kiwanja cha pembezoni unakilipa mara mbili, mara moja kwa mkulima na mara ya pili kwa kondakta, na malipo ya kondakta hayana mwisho.

Kwa hiyo nani ahamie? Kwa maoni yangu, Usagara inamfaa mtu ambaye riziki yake haipo katikati ya jiji, na watu wa aina hiyo wanaongezeka. Stendi ya Nyegezi imevuta biashara ya mabasi upande wa kusini. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, yenye kilomita 341 pamoja na njia za kupishania, iliwekewa jiwe la msingi pale Fela, Misungwi, Juni 2021. Na Juni 19, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, kilomita tatu juu ya maji, lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Enzi za kivuko, mtu aliweza kusubiri saa mbili au zaidi. Sasa ni dakika chache tu kwa gari. Fundi wa magari, mama lishe, mwenye stoo ya vifaa vya ujenzi, mfanyabiashara wa kati ya Geita na Mwanza, hao wanaweza kuishi na kufanya kazi Usagara bila kuigusa foleni ya Mkuyuni. Hata hivyo, daraja hilo hilo limewaondolea riziki wauza samaki wa kukaanga walioishi kwa foleni ya kivuko kule Kigongo.

Madalali wamelisikia neno daraja kuliko mtu yeyote. Kila kiwanja sasa kipo "jirani na daraja" au "karibu na SGR", hata kama ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Bei imeanza kuishi kwa matarajio, na hayo ndiyo yaliyoimaliza Buhongwa.

Kuna kitu kingine kitakachobadilika. Tangu Januari 2022 kuunganishiwa umeme mjini, kwa njia moja na bila nguzo, ni shilingi 320,960. Kijijini ni 27,000. Usagara inafaidika pale inapohesabiwa kijiji. Siku ikitambuliwa kuwa mji, jambo ambalo kila mwenye kiwanja analiombea ili thamani ipande, unafuu huo utaondoka. Kodi ya jengo nayo haisubiri hati: inakatwa kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu 2023.

Jiji la Mwanza lina mpango kabambe unaofika 2035, ulioandaliwa na kampuni ya Surbana ya Singapore. Lakini vilima vya Mabatini na Bugarika vilijaa watu kabla ya ramani, na urasimishaji wa makazi uliofuata ulikuwa wa kupima nyumba zilizokwisha kuziba njia za wenzao. Misungwi bado ina nafasi ya kutopitia huko. Halmashauri ipime Usagara sasa, iache barabara, shule, soko na mitaro, hata kama viwanja vilivyopimwa vitakuwa ghali kidogo kuliko hatua za miguu. Baada ya miaka mitano kazi hiyo itahitaji fidia na tingatinga.

Na wewe unayekusanya hela ya kiwanja: kipande unachokitaka kitazame masika, nenda ofisi ya ardhi Misungwi na majina ya majirani wa mipaka yote minne, omba kuona muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji. Kisha amka saa kumi alfajiri uende kazini kwako kutokea Usagara, wiki nzima, kabla hujamkabidhi mtu hata shilingi mia.