Je, Wajua? Shairi Hupimwa kwa Sikio

Kutoka Elburgon hadi Lamu ni zaidi ya kilomita 500, lakini mtahiniwa wa KCSE aliye Elburgon hawezi kuwakwepa malenga wa Pwani: ushairi una alama 20 katika karatasi ya Fasihi. Kabla hujakariri istilahi, tazama zilivyoanza kazi.

Je, wajua kwamba mizani haihesabu herufi? Huhesabu silabi zinazotamkwa. "Ng'ombe" lina herufi sita na mizani mbili. "Ua" lina herufi mbili na mizani mbili vilevile.

Je, wajua kwamba mishororo miwili tu yatosha kukuonyesha ukwapi na utao? Soma hii, iliyotungwa kwa ajili ya safu hii:

Viazi tumechimbua, dalali ameshapima,
Baridini twangojea, lori halijasimama.

Kipande kilicho kabla ya koma ni ukwapi, cha baada yake ni utao. Kila kipande kina mizani nane. Kina cha kati ni "a", cha mwisho ni "ma". Kikiongezwa kipande cha tatu kitaitwa mwandamo, na cha nne ukingo.

Je, wajua tofauti ya kibwagizo na kiishio? Vyote viwili ni mshororo wa mwisho wa ubeti. Ukirudiwa kila ubeti ni kibwagizo, nao huwapa wasikilizaji nafasi ya kuitikia. Ukibadilika kila mara ni kiishio.

Je, wajua kwamba utenzi umejengwa ili ukae kichwani? Kwa kawaida ubeti una mishororo minne mifupi ya mizani nane. Mitatu ya kwanza hukubaliana vina, na wa nne hubeba kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ndivyo Mwana Kupona binti Msham wa Pate alivyomtungia binti yake wosia mnamo 1858.

Je, wajua kwamba utenzi waweza kuwa mrefu kama kitabu? Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo, una zaidi ya beti 1,000.

Je, wajua kwamba katika pindu, ubeti huanza kwa maneno yaliyofunga ubeti uliotangulia? Baadhi huiita mkufu. Mghani akisahau, mwisho wa ubeti humkumbusha mwanzo wa ubeti unaofuata.

Je, wajua kwamba mshairi anaruhusiwa kulivunja neno? Akilifupisha ili mizani itoshe, ni inkisari: "nimepata" huwa "mepata". Akilirefusha, ni mazida: "afya" huwa "afiya". Akibadili silabi kwa ajili ya kina bila kugusa idadi ya mizani, ni tabdila. Mtahini hatosheki na jina la uhuru huo. Hutaka pia sababu yake.

Je, wajua kwamba Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, anasifiwa kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni? Alitunga juu ya mapenzi, siasa na njaa ya mjini.

Je, wajua kwamba sheria za vina na mizani zilichapishwa kitabuni na Amri Abedi mwaka 1954? Mtungaji huyo baadaye akawa meya wa Dar es Salaam. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1974, mshairi Euphrase Kezilahabi alitoa *Kichomi*, diwani ya mashairi huru iliyozua ubishi mkali: je, pasipo vina na mizani, pana shairi?

Je, wajua kwamba jazanda, yaani picha inayoficha maana, humkinga mshairi? Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa kijikaratasi cha kisiasa. Gerezani Kamiti alitunga mashairi kwenye karatasi za msalani. Yalitoka mwaka 1973 kama *Sauti ya Dhiki*, na ndani yake mna shairi la mamba, ambaye si mamba wa mtoni.

Je, wajua kwamba Wagikuyu, ambao ni wengi mjini Elburgon, wana gĩcandĩ? Ni malumbano ya kishairi ya watu wawili wenye kibuyu cha mbegu kilichochorwa alama za kumkumbusha mghani. Ngũgĩ wa Thiong'o alimpa mghani wa gĩcandĩ kazi ya kusimulia riwaya yake *Caitaani Mũtharaba-inĩ*, ya 1980. Aliiandika Kamiti, naye pia kwenye karatasi za msalani.

Mwanafunzi, ukipewa shairi usikimbilie kuhesabu mishororo. Lisome kwa sauti mara moja. Chumba cha mtihani kikikukataza, lisome midomo ikicheza. Mizani iliyopungua na kina kilichopotea utavisikia kabla ya kuviona.