Kutalii kwa Kipato cha Maganzo

Mtu wa Maganzo, mji wetu huu wa Kishapu mkoani Shinyanga, akiulizwa kwa nini hatalii, jibu lake huwa kwamba hela haipo. Jibu hilo lina ukweli, ila lawama nyingi hubebeshwa kiingilio cha hifadhi, na kiingilio si mkosaji mkuu. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi. Hata Serengeti, kwa viwango vya miaka ya karibuni, mtu mzima ametozwa shilingi 10,000 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, wakati mgeni wa kutoka ng'ambo hulipa makumi ya dola. Mabasi ya Mwanza na Musoma yanapita kando ya lango la Ndabaka, kwa hiyo hata kufika getini si shida. Shida inaanzia hapo getini. Serengeti haiingiliki kwa bodaboda wala huwezi kujitembelea tu kwa miguu. Lazima uwe na gari, na gari la kukodi pamoja na mafuta yake humeza kwa siku moja hela ya viingilio kumi na zaidi. Ndiyo maana nashikilia kwamba mwenye kipato kidogo asianze kwa kuuliza bei ya kiingilio. Aulize kwanza kama, akishuka kwenye basi, ataweza kuyafikia kwa miguu mambo yaliyomleta.

Kwa kipimo hicho, Kanda ya Ziwa ina mengi. Viwango vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, vilivyoanza Desemba 2023 viliweka nauli ya basi la kawaida la mikoani kuwa shilingi 48.47 kwa kila kilomita. Kutoka Maganzo hadi Mwanza ni kama kilomita 130, yaani nauli isiyofika 7,000 kwenda na kiasi hicho hicho kurudi. Ukishafika, Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane iko ndani ya jiji, mwendo wa dakika chache kwa boti. Ilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, ikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na eneo lake lote, maji yakiwemo, ni kilomita za mraba 2 na kidogo. Udogo huo ndio faida yake, maana kisiwa chote hutembelewa kwa miguu. Njia inapita katikati ya mawe makubwa ya itale yaliyopandana, pimbi wakiwa wamejianika juu yake jua la asubuhi, na ukipanda jiwe la juu unaliona jiji upande mmoja na ziwa upande mwingine.

Kisha kuna Bujora, pale Kisesa kwenye barabara ya Musoma, ambako daladala za Mwanza zinafika. Kituo hicho cha utamaduni wa Wasukuma kilianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, na mna jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, ngoma za watemi, na nyumba ya jadi unayoweza kuiingia. Mwezi Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi, huchezwa Bulabo, mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyorudisha asili yao kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Wapo wanaocheza na majembe na wapo wanaocheza na chatu. Majira hayo hayakuangukia hapo kwa bahati. Ni kiangazi, mavuno yameshaingia ghalani, na huku Kishapu ndio msimu wa kuuza pamba. Wasukuma walikuwa na wakati wao wa kutembea na kutazama zamani sana, hata kabla neno utalii halijazoeleka.

Atatokea wa kusema mawe kama ya Saanane tumezaliwa nayo, nani alipe nauli kwenda kuyaona? Wakulima wa Yangshuo, kusini mwa China, nao wamezaliwa katikati ya vilima vyao vya chokaa kando ya mto Li, vilima vile vile vilivyochapwa kwenye noti ya yuan 20. Kuanzia miaka ya 1980 walifika huko vijana wenye mabegi mgongoni na hela kidogo, wakalala kwenye nyumba ndogo za wageni na kuzunguka mashambani kwa baiskeli za kukodi. Mji ule ulijengeka kwa kumtegemea mgeni asiye na gari. Usukuma ni tambarare, na baiskeli ni chombo cha kaya nyingi. Tunachokosa ni mtu wa kuikodisha kwa mgeni pamoja na maelezo ya njia.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba msafiri wa bei nafuu haachi kitu. Kweli, anaacha kidogo, lakini anakiacha kwa mama lishe, kwa mwenye gesti na kwa bodaboda, na jioni hiyo hiyo kimeshaingia dukani. Maganzo inajua thamani ya hela ya aina hiyo. Mji huu umeegemea almasi ya Mwadui tangu John Williamson alipoigundua mwaka 1940. Mgodi ulisimama mwaka 2020 bei ilipoporomoka wakati wa korona, ukasimama tena baada ya bwawa la tope kupasuka Novemba 2022, na mara zote mbili mzunguko wa hela ukakauka. Sidai kwamba wageni wachache wangeziba pengo la mgodi. Ila gesti yenye wapangaji wa aina mbili huhimili kuliko yenye wa aina moja.

Kuhusu usalama wa safari za ziwani sina mjadala. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara kikiwa kimejaza kupita uwezo, na zaidi ya watu 220 walikufa. Ukerewe na Ukara ni visiwa vya kwenda kuviona, tena kwa gharama ndogo, lakini bajeti lazima iwe na usiku mmoja wa ziada wa kulala Nansio, bandari ya Ukerewe, au Mwanza, ili chombo kikijaa msafiri aweze kukiacha kiondoke na kupanda cha kesho.