Elgon Cup: Bifu ya Raga ya Kenya na Uganda Ilianza Aje?

Najua huko Tana River stori ni boli ya miguu. Lakini kuna hii bifu ya raga, lazima uijue.

Elgon Cup ilianza 2004: Simbas wa Kenya na Rugby Cranes wa Uganda. Jina ni la Mlima Elgon, ule uko kwa mpaka. Zinapigwa mechi mbili, moja hapa, moja kwao, halafu pointi zinajumlishwa. Ukishinda nyumbani na pointi tatu, usianze sherehe. Kampala watakurudishia na riba.

Na usidharau jirani. Uganda walibeba kombe la Afrika 2007, Kenya ikangoja hadi 2011.

Hata Six Nations ya Ulaya ilianza tu na majirani wanne, 1883. Ufaransa iliingia 1910, Italia 2000. Yaani mashindano hukua mlango ukifunguliwa.

Hapa kwetu mechi za nyumbani huwa sana sana Nairobi, wewe unacheki matokeo kwa simu. Kama mlima umepewa kombe, mbona boli ya yai isifike mtoni? Anza na mabeste na kiwanja cha shule.