Mtoto Aliyelitangulia Darasa Lake

Aghalabu mzazi akiambiwa kwamba mwanawe amewaacha wenziwe mbali, jambo la kwanza limjialo ni kuomba arushwe darasa, na la pili ni hofu; na hofu hiyo ina haki yake, kwani akili ya mtoto haikui sawasawa pande zote, na yule azifumbuaye hesabu za wakubwa huenda insha zake zikawa za rika lake barabara.

Mwaka 1969 Julian Stanley, profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alimpa mvulana wa miaka 13 mitihani ya vijana wanaokaribia kuingia chuo kikuu, naye akaishinda. Hapo Stanley akatambua kasoro ya mitihani ya kawaida: mtoto apatapo maksi zote, twajua tu kwamba maswali yamekwisha, wala hatujui elimu yake yakomea wapi. Mwaka 1971 akaanzisha uchunguzi wa watoto wenye kipaji cha hisabati, na rai yake ikawa kwamba mtoto apimwe kwa kipimo cha waliomzidi umri, kisha aendelezwe katika somo lile ambalo kipaji chake kimethibitika.

Ndivyo alivyolelewa Terence Tao wa Australia, ambaye akiwa na miaka 8 alipata 760 kati ya 800 katika hisabati ya mtihani wa kuingilia vyuo vya Marekani: alisoma hisabati pamoja na wakubwa wa sekondari, ilhali baadhi ya masomo mengine akiyasoma katika madarasa ya chini, na mwaka 2006 akatunukiwa Nishani ya Fields, tuzo kuu ya wanahisabati.

Kwetu Tanzania wanafunzi waliofaulu sana darasa la saba hukusanywa katika shule za vipaji maalumu, kama Ilboru, Mzumbe, Kibaha na Kilakala, na hiyo ni neema kubwa, maana mtoto hupata wenzi wa kushindana nao kwa fahamu. Walakini muhtasari wao ni ule ule wa shule za kawaida, na aliyeumaliza mapema hana budi kungoja. Mimi naona ni dhuluma kumngojesha, madhali dawa yake haihitaji fedha: hisabati ipangwe saa ile ile kwa vidato vyote, na mtoto wa kidato cha kwanza aliyethibitika kwa mtihani aende akaisome kidato cha tatu, kisha kipindi kikiisha arejee kwa rika lake.